Reli za Mlango wa Gari la Wafanyakazi: Namna ya Kuzisafisha na Kuzitia Grisi



Wengi wetu hufika kazini kwa gari aina ya HiAce au jingine linalofanana nalo. Mara nyingine gari ni la kampuni, mara nyingine ni la mtu binafsi aliyekodiwa na kampuni. Liwe la nani, mlango wetu ni ule mmoja wa ubavuni, unaoteleza kwenda nyuma juu ya reli. Tunauingilia alfajiri na kuutokea jioni, lakini ni wachache miongoni mwetu waliowahi kuinama wakazitazama hizo reli.

Leo tunaeleza habari za reli hizo: zinavyofanya kazi, kwa nini hukwama, namna ya kuzisafisha na kuzitia grisi, na nani anapaswa kuigharimia kazi hiyo. Tunafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, miongoni mwetu wamo madereva, makondakta na mafundi wa gereji za mashamba, ambao kazi hii iko mikononi mwao. Pili, sisi abiria tukijua kazi inavyotakiwa kufanywa, hatutadanganyika tukiambiwa kwamba imekwisha kufanywa.

MLANGO UNAVYOFANYA KAZI

HiAce za kwanza zilitoka kiwandani Japani mwaka 1967, na zilizo nyingi hapa kwetu zimeletwa baada ya kutumika huko. Japani magari hupita kushoto, kama hapa Uganda. Kwa hiyo mlango wa abiria uko ubavu wa kushoto, upande wa ukingo wa barabara, na mtu akishuka hakanyagi katikati ya magari. Wenzetu wanaovuka mpaka kuingia Kongo, ambako magari hupita kulia, wakumbuke kwamba huko mlango huo huo huwashusha upande wa magari yanayopita.

Mlango umeshikwa mahali patatu, na kila mahali pana reli yake.

Reli ya juu ipo chini ya ukingo wa paa. Huuongoza mlango usiegemee nje wala ndani.

Reli ya kati ipo nje, ubavuni mwa gari, nyuma ya mlango na chini ya dirisha. Hii huonekana wazi ukisimama nje ya gari.

Reli ya chini ipo kwenye ngazi ya kupandia. Mara nyingi imefichwa na bati au raba ya ngazi, na ndiyo maana husahauliwa kuliko zote.

Ndani ya reli hutembea rola, yaani vigurudumu vidogo vyenye beringi, vilivyofungwa kwenye mikono ya chuma iliyotoka mlangoni. Rola za chini na za kati ndizo zinazobeba uzito wa mlango. Ya juu huongoza tu.

Sasa tuangalie jambo moja kubwa. Reli hizi hazikunyooka mpaka mwisho. Zikikaribia mahali pa kufungia hupinda kuelekea ndani. Pindo hilo ndilo linalouvuta mlango uingie katika nafasi yake na kuibana raba inayozuia vumbi na mvua. Uchafu ukijaa kwenye pindo, mlango utateleza vizuri njia yote, halafu utagoma kwenye inchi ya mwisho. Na usalama wa abiria upo kwenye inchi hiyo ya mwisho.

KITASA KINA HATUA MBILI

Kitasa cha mlango wa gari hushika mara mbili. Hatua ya kwanza hushika nusu. Mlango unaonekana kama umefungwa, lakini haujabana. Hatua ya pili hushika kamili. Ile nusu imewekwa na watengenezaji kama akiba tu, ili mlango usiachie wote kwa ghafla. Haikuwekwa ili gari liendeshwe hivyo kwa safari nzima, likiwa na watu waliouegemea mlango.

Mlango ulioshika nusu una dalili zake. Ukiwa nje utaona ukingo wake umejitokeza kuliko bodi ya gari. Ukiwa ndani utasikia upepo ukivuma na mlango ukigonga barabara ikiwa mbaya. Magari mengi pia yana taa ndogo mbele ya dereva inayowaka mlango usipofunga sawasawa. Dereva asizibe taa hiyo kwa gundi wala asikate waya wake. Taa haina kosa, kosa lipo relini au kitasani.

HATARI TULIZOZIONA

Hatari ya kwanza ni kuanguka. Mlango usiofunga kamili unaweza kuachia kwenye kona au shimo, na aliyekaa karibu nao hana cha kushika.

Hatari ya pili ni kufungiwa ndani. Tumeona magari ambayo mlango wake umefungwa kwa kamba ya mpira kwa sababu kitasa hakishiki. Kondakta ndiye anayejua lile fundo. Gari likipinduka, likishika moto au likiingia mtoni, abiria 14 wanamtegemea mtu mmoja afungue fundo gizani. Kamba mlangoni ni hatari mpya juu ya ile ya kwanza.

Hatari ya tatu ni vidole. Katika shamba moja la chai tulilolitembelea, mama mmoja mchumaji alibanwa vidole 3 vya mkono wa kulia. Gari lilikuwa limesimama kwenye mteremko, pua ikitazama chini. Mlango ukifunguliwa mpaka mwisho, kuna kishikio kidogo kinachouzuia usirudi. Kishikio cha gari lile kilikuwa kimejaa tope gumu, kwa hiyo hakikushika. Mama yule alishika nguzo ya mlango ili apande, mlango ukaja wenyewe kwa uzito wake.

Ndugu zetu wa mashamba ya chai wanajua maana ya jambo hilo. Mchumaji hulipwa kwa kilo, na huchuma majani mawili na chipukizi kwa ncha za vidole. Vidole ndivyo jembe lake. Mama yule alikaa wiki kadhaa bila kuchuma, na taarifa ya msimamizi ikaandika kwamba alijibana kwa uzembe wake mwenyewe. Kamati ya tawi iliomba gari likaguliwe mbele ya pande zote mbili. Bati la ngazi lilipofunguliwa, tope lililotolewa kwenye reli ya chini na kwenye kishikio lilijaza kopo. Baada ya hapo neno uzembe likaondolewa kwenye taarifa. Haikuhitajika hotuba, ilitosha kuonyesha reli.

KWA NINI RELI HUCHAFUKA

Magari yetu huchafuka kuliko magari ya mjini, na kila kazi ina uchafu wake.

Kwenye mashamba ya chai ya Kabarole, Kyenjojo na Bushenyi mvua ni nyingi. Watu hupanda na buti zenye tope, na tope hudondokea pale pale kwenye ngazi, juu ya reli ya chini. Likikauka huwa gumu kama tofali.

Kwenye mashamba ya miwa ya Busoga na Masindi, wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabara huingia kila mahali. Ongeza makapi ya miwa na utomvu wake wa sukari, nao hunata na kuvuta wadudu.

Kuna uchafu mwingine ambao watu hawaufikirii, nao ni mbolea. Mahali pengine gari la wafanyakazi hutumwa mchana kubeba magunia ya mbolea, na jioni hubeba watu. Punje za mbolea ya chumvichumvi huvuta unyevu na kula chuma. Zikilala relini siku chache, kutu huanza, na rola ikipita juu ya kutu hulika haraka.

Mwisho kuna uchafu tunaouweka sisi wenyewe kwa nia njema: mafuta yasiyofaa. Mtu anasikia mlango unalia, anachota oili na kuimwaga relini. Siku ile mlango unateleza vizuri. Baada ya wiki moja vumbi limenasa katika oili ile na kuwa uji mzito wenye mchanga. Uji huo unasaga rola na reli kama msasa. Ndiyo sababu kusafisha huja kwanza na kupaka huja baadaye. Anayepaka grisi juu ya mchanga anauharibu mlango.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

Vifaa ni vichache na bei yake si kubwa:

– brashi ngumu ya nailoni, na mswaki wa zamani kwa ajili ya pembe;
– kijiti bapa cha mti, au bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa;
– vitambaa safi visivyoacha nyuzi;
– mafuta ya taa kidogo katika kopo;
– grisi nyeupe ya lithiamu, au sprei ya silikoni;
– spana za kukazia bolti;
– glavu, na sabuni ya kunawia.

KAZI YENYEWE

1. Simamisha gari mahali tambarare. Vuta breki ya mkono, ingiza gia, weka mawe kwenye magurudumu. Ufunguo utolewe na ukae mfukoni mwa yule anayefanya kazi. Kama mlango ni wa umeme, zima swichi yake kwanza. Mtu wa pili aushike mlango au uzuiliwe kwa kamba wakati mwenzake ameingiza mkono relini.

2. Fungua bati au raba ya ngazi ili reli ya chini ionekane. Anza pakavu. Toa tope na mchanga kwa kijiti na brashi, ukivuta uchafu kuja nje. Usianze na maji wala mafuta, maana utageuza vumbi kuwa tope na kulisukuma ndani zaidi.

3. Sogeza mlango mbele na nyuma kidogo kidogo ili ufikie kila sehemu ya reli. Kaa zaidi kwenye pindo la mbele. Tumia mswaki pale. Kama reli ya chini ina tundu la kutolea maji, lizibue.

4. Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa na uifute grisi ya zamani mpaka chuma kionekane. Mafuta ya taa yawe kwenye kitambaa, usiyamimine relini. Yakifika kwenye raba za mlango huzilegeza. Usitumie petroli: mvuke wake hushika moto upesi na kuudhuru mwili. Asiwepo mvuta sigara wala jiko karibu, na vitambaa vilivyotumika vitiwe kwenye kopo la bati lenye kifuniko.

5. Futa rola moja moja. Zungusha kila rola kwa kidole. Ikizunguka laini bila sauti ni nzima. Ikikwaruza, ikigoma au ikiyumba, imekwisha.

6. Kausha kila kitu kwa kitambaa kikavu. Usiwaruhusu wanaoosha gari wapige rola kwa maji ya pampu yenye nguvu. Maji huingia ndani ya beringi na kuitoa grisi iliyotiwa kiwandani.

7. Sasa kagua. Je, reli imepinda au ina ufa? Je, pana kutu iliyokula chuma? Je, bolti za mikono ya rola zimekaza? Kutu nyepesi iondolewe kwa msasa laini, kisha ifutwe. Reli iliyopasuka si ya kupakwa grisi, ni ya kupelekwa kwa fundi.

8. Tia grisi nyeupe kwa utando mwembamba, mahali rola inapopita tu. Kama unaiona imejaa, imezidi. Kwenye barabara ya vumbi jingi ni afadhali sprei ya silikoni inayokauka au grafiti kavu, kwa kuwa haivuti vumbi sana.

9. Sukuma mlango mbele na nyuma mara 10. Grisi iliyosukumwa kando na rola ifute yote.

10. Safisha kitasa na kipande kile cha chuma kinachoshikwa na kitasa, kisha utie grisi kidogo sana. Safisha kishikio cha nyuma kinachouzuia mlango ukiwa wazi. Raba zifutwe kwa maji ya sabuni na kupakwa silikoni. Raba haipakwi grisi ya kawaida wala oili, kwa maana huvimba na kuoza.

11. Fanya jaribio. Funga mlango kwa mkono mmoja bila kuubamiza. Unapaswa kushika hatua ya pili. Kisha mtu aingie ndani na aufungue kutoka ndani. Milango mingi ina kijiti kidogo kwenye ukingo, kilichowekwa kwa ajili ya watoto, ambacho kikisukumwa mlango haufunguki kutoka ndani. Kwenye gari la wafanyakazi kijiti hicho kiwe kimeachwa wazi siku zote.

Wanaoizoea kazi hii huimaliza kwa muda usiozidi saa moja. Tunashauri kupiga brashi kavu kila wiki, na kusafisha kote na kutia grisi mara moja kwa mwezi. Msimu wa mvua na msimu wa mbolea iwe mara mbili kwa mwezi.

MAFUTA YASIYOFAA

Oili chafu ya injini haifai kabisa. Huvuta vumbi, na ina kemikali ambazo zikikaa kwenye ngozi mara kwa mara kwa muda mrefu zinaweza kuleta saratani. Nguo za abiria nazo huchafuka kila siku.

Mafuta ya kupikia huganda na kunata, na huvuta wadudu na panya.

Mafuta ya breki hula rangi ya gari.

Sprei nyembamba ya kulegeza kutu, kama WD-40 ya kawaida, inafaa kulegeza bolti iliyoshika na kusafisha uchafu. Lakini hukauka upesi. Anayeitumia peke yake atasikia mlango unalia tena baada ya siku chache.

MLANGO ULIOCHOKA

Grisi haiponyi rola iliyokufa. Ili kujua, fungua mlango hadi nusu, shika ukingo wake wa nyuma, uuinue juu kidogo. Ukipanda na kushuka kwa kugonga, rola au mkono wa kati umelika. Angalia pia kama mlango umelala upande mmoja, au kama umekwangua rangi ya bodi mahali unapopita.

Mlango wa namna hiyo unaweza kuchomoka wote relini. Kuufungua ni kazi ya watu wawili au zaidi, na si ya kujaribiwa na kondakta peke yake kando ya barabara. Rola mpya na bolti zake ni gharama ndogo ukilinganisha na mlango mzima, na ndogo mno ukilinganisha na mguu wa mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

DIRISHA LA PAA LA GARI LA MKUBWA

Baadhi ya madereva wetu huendesha magari ya wakubwa yenye dirisha la kioo kwenye paa, linaloteleza kwa mota. Ustadi wake ni ule ule. Kuna reli mbili, moja kila upande. Toa majani na mchanga, futa grisi ya zamani kwa kitambaa, paka utando mwembamba wa grisi mpya, futa iliyozidi. Lakini humo vipande vingi ni vya plastiki, kwa hiyo usifute kwa petroli, na uchague grisi isiyodhuru plastiki. Kitabu cha gari hutaja aina yake. Dirisha likigoma usiendelee kubonyeza swichi, kwa kuwa mota ina nguvu ya kutosha kuvunja kipande kilichokwama.

Pembeni mwa fremu ya dirisha kuna matundu yenye mipira ya kupitishia maji ya mvua mpaka chini ya gari. Yakiziba, maji hudondoka ndani, na dereva huulizwa amefanya nini. Mimina kikombe cha maji polepole na uangalie kama yanatoka chini. Usichokoe kwa waya mgumu. Mpira unaweza kuchomoka au kutoboka, maji yakalowesha dari. Tumia mshipi wa nailoni kama ule wa kuvulia samaki.

Tumelitaja dirisha hilo kwa makusudi. Katika gereji tulizozitembelea tumeona kopo la grisi nzuri likifungiwa kabatini kwa ajili ya gari la meneja, huku mlango wa gari la wafanyakazi ukipakwa oili chafu. Fundi ni yule yule, kopo lipo, na kazi ni ya muda mfupi. Tofauti ni nani atakaa ndani ya gari. Hatusemi dirisha la meneja liachwe lioze. Tunasema mlango wa watu 14 utangulie dirisha la mtu mmoja.

GHARAMA NI YA NANI

Mara kwa mara kondakta huambiwa anunue brashi na grisi kwa pesa zake, au dereva hukatwa mshahara mlango ukivunjika. Yafaa tujue misingi michache.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kifungu cha 13 kinamlinda mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa kazi kwa sababu ya kuamini, kwa msingi wa haki, kwamba pana hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake. Mwezi Juni 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu hata kama haijatia sahihi mkataba wenyewe.

Kuhusu mshahara, mkataba namba 95 wa mwaka 1949 unasema kwamba makato yafanywe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, na mapatano ya pamoja au na uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya msimamizi haimo katika orodha hiyo. Dereva anayekatwa kwa ajili ya rola iliyokufa kwa uzee aombe aonyeshwe makato hayo yameandikwa wapi, na aje na jibu kwenye tawi.

Kuhusu ajali, Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inaihesabu safari ya kwenda kazini moja kwa moja, au kurudi kutoka kazini moja kwa moja, kuwa ni sehemu ya kazi. Lakini mfanyakazi ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba safari yake ilikuwa ya moja kwa moja. Kwa hiyo aliyeumizwa na mlango wa gari asinyamaze. Amweleze mwajiri mapema, aandike saa, mahali na namba ya gari, na achukue majina ya wenzake waliokuwamo. Gari likiwa la kukodiwa, asikubali kujibiwa tu kwamba gari si la kampuni. Alete habari hiyo kwenye chama.

TUFANYE NINI

Tunaziomba kamati za matawi zifanye mambo manne.

Kwanza, mwakilishi wa usalama aende pamoja na dereva wakague reli za kila gari la wafanyakazi, na waandike walichokiona, hata kama ni kizuri.

Pili, tawi lidai kwa barua kwamba kazi hii iingizwe katika ratiba ya gereji, ifanywe kwa muda wa kazi unaolipwa, na vifaa vitolewe na mwajiri. Magari ya kukodiwa nayo yatajwe katika barua hiyo.

Tatu, pawe na daftari ndani ya gari. Kila usafishaji uandikwe tarehe na jina la aliyeufanya. Kila kasoro iandikwe siku ile ile. Siku ya ajali, daftari litasema yale ambayo mtu aliyelala hospitali hawezi kuyasema.

Nne, sisi abiria nasi tuna wajibu wetu. Tugonge tope la buti kabla ya kupanda. Tusibamize mlango. Tusishike nguzo ya mlango kabla ya kuhakikisha kishikio kimeshika, hasa gari likiwa mteremkoni. Na tukiona mlango umeshika nusu, tumwambie dereva kabla gari halijaondoka. Mtu mmoja akisema peke yake ataitwa msumbufu. Wote waliomo garini wakisema, dereva atashuka aufunge.

Kesho asubuhi, kabla ya kupanda, inama uitazame reli ya chini. Ukiona tope, mwambie mwakilishi wako.

Umoja ni nguvu.